Siku Tulipomwosha Bibi Kolumba

Nilipokuwa na miaka tisa nilisema uongo wa neno moja, na sijawahi kumwambia mtu hadi leo.

Nilikuwa nakaa kwa Bibi, mama yake baba, kijijini kando ya Ziwa Nyasa. Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa huru, wachuuzi wa usipa, vile vidagaa vya ziwani, wakawa wanamiminika kutoka Kitai na Songea, wakilala palepale mchangani. Masika moja kipindupindu kikaingia. Nani alikileta, sijui. Mtu alianza kuharisha asubuhi, na kabla ya jua kuzama amekwisha. Bwana afya akaja na pikipiki, akakataza matanga, akasema maiti asiguswe na mtu yeyote ila yeye na wenzake.

Siku ya nne akafa Bibi Kolumba, mdogo wake Bibi, tuliyeishi naye. Bibi hakulia. Alirudishia mlango, akaniambia nilete maji.

"Bibi, bwana afya amekataza."

"Bwana afya ana ndugu zake, huyu ni wangu. Maiti asipooshwa na watu wake hatulii. Atarudi kutuita, mmoja mmoja, kwa majina."

Niliamini. Watoto wote pale tuliamini. Nikashika beseni, Bibi akamwosha taratibu huku akimsemesha kwa Kinyasa, kama mama anayeogesha mtoto. Macho ya marehemu yalikuwa yamezama, vidole vimenyauka kama vya mtu aliyeshinda akifua.

Bwana afya alipofika aliitazama sakafu iliyolowa. Bibi akageuka ukutani. Yule bwana akachuchumaa mbele yangu, wala hakunitisha.

"Mwanangu, mmemgusa?"

"Hapana."

Akanyunyiza dawa yake, wakamchukua, wakaenda kuzika. Jioni majirani wachache wakaja kwa kificho kutupa pole. Bibi akawasongea ugali wa muhogo kwa mikono ileile. Mama Hilda alikuja na Hilda wake wa miaka minne, akamlisha tonge kwa tonge.

Keshokutwa yake, mchana, Bibi aliacha kupepeta akageukia ziwani.

"Kolumba ananiita," akasema.

"Usiitike, Bibi!"

"Nimeshaitika, mjukuu wangu."

Kabla ya jioni walimbeba kumpeleka kwenye banda la wagonjwa. Hakurudi. Hilda na mama yake wakafuata wiki hiyohiyo. Kijiji kizima kikasema ni Kolumba anawaita, kwa sababu hakuoshwa. Mimi peke yangu nilijua kwamba ameoshwa, nikanyamaza. Kwa nini ugonjwa uliniruka, sijui.

Nilipokua nilijifunza jinsi kipindupindu kinavyopita, kutoka mkononi hadi kinywani. Bibi sijaweza kumlaumu. Alitaka kutukinga, na hakujua njia nyingine. Lakini ningesema ndiyo, yule bwana angetunawisha dawa, angewazuia watu wasile kwetu.

Mwaka jana, baada ya misa hapa Mbinga, mzee mmoja alinisimamisha. Alikuwa baba yake Hilda. Nikamwamkia, tukaongea habari za nyumbani, kisha akasema, bila uchungu, "Yule bibi yenu Kolumba aliniitia mke na mtoto."

Nilitaka kumwambia kwamba tulimwosha. Nikamtazama alivyozeeka, alivyokwisha kuizoea habari yake hiyo. Nikasema, "Pole, baba," nikamshika mkono tukavuka barabara.

Sijui kama nilimhurumia yeye au nilijihurumia mwenyewe.