Meno ya Flaiwili na Stata Mbili Zilizoliwa

Darasa la saba sikumaliza, lakini flaiwili, lile gurudumu zito la meno nyuma ya injini, naijua. Nalisema mapema kwa sababu mkuu wa gereji yetu ya Temeke, mwenye cheti ukutani, ndiye aliyetaka kunifukuza kwa kosa lake mwenyewe. Jina simtaji. Anajijua.

Kulikuwa na pikapu ya mzee mmoja, seremala wa Keko, anabebea makochi. Ukiwasha, stata inakwaruza na injini haizunguki. Mkuu akaagiza stata mpya, nikaifunga mie. Wiki tatu tu ikarudi, gia yake ndogo imetafunwa kama muwa. Tukafunga ya pili. Nayo ikaliwa.

"Huyu anafunga kimagumashi," mkuu akasema mbele ya mteja. "Ya tatu ikifa, beba spana zako uende."

Gereji mbili zilishanitema kabla ya hapo. Kwa umri wangu, bila cheti, ningeenda wapi?

Nikamfuata yule mzee. "Shikamoo. Ikigoma kuwaka, huwa unafanyaje?"

"Marahaba. Natia gia ya nne, naisukuma hatua moja tu. Natoa gia, nawasha, inawaka."

Mkuu akacheka. "Gari gani hiyo, inabembelezwa kama bibi harusi!"

Mie sikucheka. Injini ikizimwa haisimami ovyo, inapenda sehemu zilezile mbili. Kwa hiyo meno ya flaiwili yanayogongwa na stata ni yaleyale kila siku. Ukiisukuma kidogo, stata inakutana na meno mazima. Ugonjwa haukuwa kwenye stata kabisa.

"Nashusha giaboksi, flaiwili imejificha nyuma yake," nikasema.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu," mzee akajibu.

Tukaikuta flaiwili imeisha meno sehemu mbili zinazotazamana, kwingine kote safi. Mkuu akataka ile ringi ya meno inayoizunguka flaiwili itolewe kwa moto wa gesi. Nikakataa. Gesi inachoma sehemu moja, chuma kinalegea. Nikaazima jiko la mkaa kwa mama wa chapati.

"Na chapati zangu zikinuka grisi?"

"Zitateleza vizuri, mama."

Nikaipasha ringi taratibu mpaka ikatanuka, nikaigonga ikatoka. Nikaizungusha robo duara, meno mazima yaje pale injini inaposimamia, nikairudisha ingali ya moto. Ikapoa, ikakamata. Halafu nikafunga stata ya tatu.

Mzee akawasha. Nikamwambia zima, washa tena. Mara kumi. Mkwaruzo hakuna.

Mkuu akaja anajifuta mikono isiyo na grisi. "Niliwaambia mapema washushe giaboksi."

"Ulimwambia aende zake," mzee akamjibu. "Mie nilikuwepo hapahapa."

Radhi hajaniomba mpaka leo, wala simsubirii. Ila pale gereji hakuna stata inayofungwa kabla mie sijalala chini ya gari na tochi nikayachungulia meno. Na yeye anasimama pembeni, anangoja niseme.