Namba Mbili Hasemi Kitu

Watu wanadhani kurusha ndege ya vita kwenye kompyuta ni kupiga risasi. Risasi gani! Miezi saba nilikaa chumbani nyumbani kwa mama, Mitwero, feni ikinipulizia vumbi, na kazi yangu ilikuwa kutazama bawa la mtu mwingine. Nilikuwa namba mbili. Namba mbili anaruka nyuma kidogo ya kiongozi, upande wa kulia, na haondoki hapo. Kiongozi akipinda, unapinda. Ukizidisha mwendo kidogo tu unampita. Ukipunguza unaachwa, na kumfikia tena ni jasho tupu. Unaikazia macho ile taa ya kijani kwenye ncha ya bawa lake mpaka yanawasha.

Tulikuwa wanne, kila mtu na mji wake, tukisikilizana kwa hedifoni kila Jumapili saa nane mchana. Kiongozi alikuwa mzee mstaafu wa Tanga. Sisi watatu tulimwamkia kwanza, naye alijibu marahaba kwa kila mmoja, ndipo injini ziwashwe. Sheria yake ilikuwa moja: ukiachia safu mara tatu, unatoka, anaingia mwingine. Mimi nilishaachia mara mbili, zote bando liliniishia. Niseme ukweli, mwaka ule sikuogopa kitu kama kutolewa. Nilikuwa na cheti cha ualimu kisicho na kazi. Nyumbani nilitumwa dukani kama mtoto. Kule angani kulikuwa na watu wanaonitegemea.

Mjomba wangu alikuwa na mikorosho Miteja, na magoti mabovu. Kwetu mjomba akishasema juu ya mtoto wa dada yake, maneno yamekwisha. Akampigia mama simu: Jumapili anakuja kunichukua, nikakae shambani nimshikie mambo. Hakuna aliyeniuliza. Na wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeitwa Mtwara kufundisha kompyuta kwenye kituo kidogo. Mshahara wa kuchekesha, lakini niliutaka kwa moyo wote. Walitaka jibu Jumatatu. Nikajiambia, mjomba akifika tu namwambia. Nilijiambia hivyo siku nne nzima.

Jumapili ikafika. Tulikuwa tunakata mawingu, na mjomba keshafika, nasikia mkongojo wake sebuleni, mama akimmiminia chai. Nimekamata jostiki, jicho kwenye taa ya kijani. Nikachungulia namba ya kimo: tunashuka. Ramani inaonyesha mlima mbele. Na mzee anashuka tu, huku anatusimulia habari za mguu wake unaomsumbua. Nikafungua maiki. Nikaifunga. Utamkatizaje mtu mzima maneno, umwambie anakosea, tena mbele ya vijana? Na nikipanda peke yangu, nimeachia safu, mara ya tatu hiyo. Nikafungua tena, nikasema, "Mzee, samahani..."

"Ngoja nimalize, mwanangu."

Nikangoja. Wallahi, nikangoja!

Tukaugonga mlima wote wanne, kila mtu kwenye nafasi yake, safu imenyooka.

Mzee akauliza, "Namba mbili, hukuuona?"

"Niliuona, mzee."

"Sasa?"

"Ulikuwa unaongea."

"Lahaula! Nimekuweka ubavuni uwe jicho langu, wewe umekaa kama mgeni wa harusi!"

Wenzangu walicheka mpaka hedifoni zikakwaruza. Mimi sikucheka. Nilizivua, nikaenda sebuleni nikiwa nimejichukia kabisa, nimeapa kwamba sasa hivi nasema.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekonda wewe."

Akaanza. Mikorosho ipi ipuliziwe salfa, kibarua gani mvivu, chumba nitakacholala, dirisha lake linaelekea wapi. Hakuvuta pumzi. Nilisimama mdomo wazi, nasubiri amalize. Alipomaliza akauliza, "Umefungasha?"

Nikasema, "Bado kidogo, mjomba."

Huu ni msimu wangu wa tatu Miteja. Kompyuta iko kwa mama, imefunikwa kitenge. Jumapili saa nane huwa natafuta kazi ya mbali na nyumba, nisikae nikaanza kufikiri.

Juzi mimi na mjomba tulikuwa tumekaa chini tunatenganisha korosho na mabibo. Sijui ni nini kilichonisukuma, nikamwambia kwamba siku ile alipokuja kunichukua nilikuwa na kazi Mtwara, na huku sikutaka kuja. Akabaki na korosho mkononi. Akasema mama ndiye aliyemlilia anichukue, eti naoza ndani. Yeye alikuwa keshapata mtu wa kumshikia shamba, mtu wa Tingi, hodari, na ikabidi amrudishe.

"Niliongea siku ile mpaka koo likanikauka," akasema, "nangoja unikatalie, nimwambie dada kwamba mwenyewe hataki."

Ala! Nikamuuliza mbona hakumwambia mama yeye mwenyewe.

"Yule ni dada yangu mkubwa," akasema. "Unaanzaje?"

Akavuta ndoo yake, akainamia mabibo. Nilitaka kupiga kelele, Mungu anisamehe, nilitaka kuipiga teke ile ndoo. Nikainama na mimi.