Siku Ukuta Wangu Ulipowalowesha Wakwe

Nikipita sokoni Kitengela mpaka leo kuna wazee wenzangu wanaonipungia fimbo na kuniita Baba Sponji, na mimi huitika, kwa maana hilo jina nililitafuta kwa mikono yangu miwili, na ni heri nikueleze mwenyewe lilivyopatikana kabla hujaelezwa na wao, kwani wao huongeza chumvi (wanasema mkwe wangu alielea, jambo ambalo si kweli, alilowa tu).

Nilipojenga hapa, mwishoni mwa miaka ya tisini, majirani walikuwa wachache na nyumbu walipita nyuma ya choo bila kubisha hodi. Ardhi yetu ni ule udongo mweusi ambao ukinyeshewa unavimba na ukikauka unapasuka nyufa za kumeza kiatu cha mtoto, na nyumba haisimami juu yake, kwa hiyo kila anayejenga hapa huanza kwa kuutoa wote mpaka afike kwenye mwamba, halafu anajaza shimo kwa mawe ndipo apandishe ukuta. Sasa shimo langu lilikuwa refu sana upande mmoja, maana ploti imeinama, na nilipolitazama nikaona ni dhambi kulijaza. Nikasema hiki ni chumba. Nikazungusha ukuta wa mawe, nikamwaga zege juu, nikaweka ngazi, na hivyo nikawa mtu wa kwanza mtaani mwenye andagraundi.

Kulikuwa na raha kule chini, siwezi kukataa. Jua la Januari likipiga mabati mpaka yanalia, mimi niko chini nimevaa sweta nasoma gazeti. Shida ilianza mvua ilipokuja. Hewa ya joto ilishuka na ngazi, ikagusa mawe baridi, na mawe yakatoka jasho kama chupa ya soda; tena udongo wa nje ulikuwa umekunywa maji ukashiba, nao ukawa unayapitisha polepole kwenye ukuta. Mtu wa kawaida angetafuta jinsi ya kuyazuia maji huko nje. Lakini mimi sikuwa mtu wa kawaida, mimi nilikuwa msimamizi wa chumba cha baridi katika shamba la maua, na kwa miaka mingi nilikuwa nimefungua na kufunga mlango wa ukuta mnene uliojazwa kitu kama povu gumu, na kwa sababu ya kuufungua na kuufunga nikaamini naelewa unavyofanya kazi.

Kwa hiyo nikanunua vipande vya sponji kwa wauza magodoro, nikavibandika ukuta mzima. Juu ya sponji nikatandaza nailoni nzito, ile ya kuezekea maua, ili unyevu wa chumbani usiingie kwenye sponji. Juu ya nailoni nikapigilia kitambaa cha maua mekundu kilichobaki kwenye mapazia ya mama watoto. Kilipendeza! Ukuta ukawa laini kama kochi.

Mke wangu, Mama Mwende, alishuka akautazama, akaubonyeza kwa kidole.

“Baba Mwende, sasa maji ya huko nyuma yatatokea wapi?”

“Hayatatokea.”

“Nimesikia. Kwa hivyo yatakaa.”

Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu, akapanda juu kuendelea na maharagwe yake.

Miaka michache baadaye binti yetu Mwende akatuletea habari kwamba kuna kijana anaitwa Wafula, mtu wa Bungoma, karani katika ofisi fulani Nairobi, anapanga nyumba Rongai upande wa Gataka, na watu wake wanataka kuja kuongea. Mwende hakuwa msichana wa kulialia, lakini jioni hiyo aliniambia, “Baba, huyu ndiye. Tafadhali usituharibie na maonyesho.” Nilicheka. Maonyesho gani? Mimi?

Siku ikafika, Jumamosi ya mwezi wa nne. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na asubuhi hiyo ikakatika ghafla, jua likatoka kwa hasira, ardhi ikaanza kutoa mvuke, ukitembea mpaka kwenye geti shati limeshakushika mgongoni. Mama Mwende alikuwa ameazima hema la kanisa na kupanga viti uani. Mimi nilishuka chini peke yangu, nikakuta kile kitambaa cha maua mekundu kimetokeza tumbo. Nikakibonyeza kwa dole gumba. Kikaingia, halafu kikarudi polepole, na huko nyuma nikasikia kitu kikisema *chwi*. Hapo ndipo ningepanda ngazi na kwenda kukaa kwenye hema kama watu wengine. Badala yake nilichukua kalenda ya kanisa nikaitundika juu ya lile tumbo.

Wageni walifika kabla ya saa sita. Baba yake Wafula alishafariki, kwa hiyo msemaji wao alikuwa ami yake, Mzee Simiyu, mtu mnene mwenye suti ya kijivu na sauti ya kwaya. Alikuja na Wafula mwenyewe, na shangazi wa kijana, Senge Roda (senge kwao ndiyo shangazi), na wazee wengine wawili. Upande wangu nilikuwa na wazee wawili wa kanisa letu (ndio hawa wa sokoni). Tulisalimiana, mulembe, mulembe, jasho likiwatiririka wageni, na Mama Mwende akaanza kuwaonyesha hema, ndipo mimi nikasema yale maneno.

“Hapana, mama. Wageni wa heshima hawakai juani. Tutakaa chini.”

Mwende alinitazama. Nikajifanya sijamwona.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri mno. Walishuka, baridi ikawapokea, Senge Roda akafumba macho kwa raha. Mzee Simiyu akasema, “Mkwe, huku ni kama asubuhi ya kwetu Kimilili!” na mimi nikaanza kueleza habari za sponji na nailoni, na chumba cha baridi, na jinsi joto linavyozuiwa, mpaka mzee mmoja wa kanisa akakohoa kunikumbusha kwamba hatujaomba. Tukaomba. Wageni, isipokuwa Wafula aliyekaa karibu na ngazi, niliwapanga mstari mmoja, migongo ukutani, upande wenye kalenda, kwa sababu ndio uliokuwa mzuri zaidi.

Tukiwa katikati ya kutambulishana, Mzee Simiyu akainua sikio. “Samahani mkwe. Kuna mtu anaoga hapa karibu?”

“Ni chai inamiminwa huko juu,” nikajibu. (Mungu anisamehe, na nilikuwa tu nimemaliza kusema amina.)

Baada ya muda nikaona amesogeza kiti mbele kidogo. Senge naye akasogeza chake. Sasa mkwe mwenye adabu, akija kuomba binti, halalamiki kwa watu. Hata ukimkalisha kwenye kichuguu atakwambia kiti ni kizuri. Mimi nikadhani wanaogopa kunichafulia kitambaa. Nikainuka, nikashika kiti cha Mzee Simiyu kwa mikono miwili, nikakirudisha nyuma.

“Egemea, mzee! Hapo ni laini. Senge, egemea. Egemeeni wote, jisikieni nyumbani!”

Nao, kwa heshima, wakaegemea wote kwa pamoja.

Ukuta ulitoa sauti kama ng'ombe anayevuta mguu kutoka kwenye matope. Misumari ikaanza kuruka kuanzia pembeni, tik, tik, tik, kalenda ikaanguka, halafu kitu kizima, kitambaa na nailoni na sponji lililokunywa mvua za misimu yote hiyo, kikainama mbele polepole kama mtu anayesujudu, kikawafunika. Maji yalikuwa meusi. Harufu sitaieleza. Kwa muda mfupi hatukuona wageni, tuliona tu maua mekundu yakitembea, na ndani yake Senge Roda akipiga kelele kumwita mama yake, “Mayi! Mayi wee! Wafula, umetuleta wapi?”

Tuliwafukua. Wazee wangu wa kanisa, waliokuwa wamekaa ng'ambo ile, hawakupata hata tone.

Basi Mama Mwende akaja mbio na taulo na suruali zangu, akamwambia Mzee Simiyu aingie chumbani kwetu abadilishe. Yule mzee akarudi nyuma kana kwamba ameonyeshwa nyoka.

“Chumbani kwenu? Mama, hapana. Kwetu mkwe havui nguo katika nyumba ya wakwe. Hata shati. Nikivua hapa nimeiharibu hii ndoa kabla haijaanza.”

“Hata bafuni?”

“Hata bafuni.”

Wakapanda uani wakasimama wakichuruzika maji, suti ya kijivu imekuwa kama ngozi ya nyati. Nilijaribu kusema jua litawakausha, lakini Senge alikuwa anatetemeka kwa hasira, si kwa baridi, akisema kwamba waliotoka kuomba msichana wakarudi wamemwagiwa maji machafu hawahitaji jibu lingine. Wakaanza kwenda kwenye gari. Wafula alikuwa katikati ya uwanja hajui amfuate nani. Mwende alisimama mlangoni, hakulia, alinitazama tu, na afadhali angenitukana.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ua wa michongoma. Alikuwa jirani yetu wa Kimasai, Mama Naserian, na kibuyu chake cha maziwa begani.

“Sopa, Baba Mwende! Kwani leo mnabatizana?”

Mama Mwende akamweleza kwa kifupi, aibu ikimkata maneno. Mama Naserian akacheka mpaka shanga zikalia, kisha akamgeukia Mzee Simiyu.

“Mzee, kwa huyu ni kwa mkwe wako. Kwangu si kwa mkwe wako. Mimi sina msichana wa kukupatia, Naserian aliolewa zamani, nimebaki na wavulana tupu. Kujeni mvue kwangu.”

Mzee Simiyu akafikiri. Akamtazama Senge. Senge akatazama sketi yake. Wakapita kwenye pengo la ua, na walipotoka huko, nakuambia, hata mbwa wangu hakuwabwekea: Senge Roda yuko na shuka ya buluu na nyingine ya zambarau mabegani, wale wazee wako na shuka nyekundu, na Mzee Simiyu mbele na rungu mkononi kama amezaliwa Umasaini kule Oltepesi.

Alinifuata moja kwa moja. “Nitauliza kitu kimoja. Ulijua huko nyuma kuna maji?”

Nilikuwa na majibu mengi mazuri, nilikuwa nalo la mvua, nilikuwa nalo la fundi. Lakini Mwende alikuwa bado mlangoni.

“Nilijua,” nikasema. “Nilibonyeza asubuhi, yakalia. Nikafunika na kalenda. Halafu nikawaambia muegemee.”

Halafu tumbo la Mzee Simiyu likaanza kutikisika kwa kicheko ndani ya shuka.

“Ungesema hapana, ningerudi Bungoma na hizi nguo za watu.” Akakaa chini ya hema, akaweka rungu magotini. “Haya, tuongee mahari. Lakini mjue sasa mimi ni Mmasai, na ng'ombe wote duniani Mungu alinipa mimi, hata wale unataka kuniitisha. Nikikupatia ni huruma tu.”

Hata Mama Naserian alipiga makofi. Na mimi niliyekuwa nimejiandaa kuwa mgumu siku hiyo, ningekuwa mgumu na uso gani? Nikasema walete watakacho. Wakaleta, na hawakuniaibisha mara ya pili.

Baadaye nilibandua kila kitu (sponji walilalia kuku wa Mama Naserian miaka mingi). Nikachimba mtaro nje ya ukuta, nikaweka nailoni huko huko nje maji yanakotoka, nikatoboa madirisha madogo ya hewa, na mawe nikayaacha uchi yapumue. Sasa ni pakavu, naweka vitunguu kutoka Illasit na haviozi.

Najuta bado, sifichi. Nimeapa kwamba sitamwambia tena mgeni aegemee mahali ambapo mgongo wangu mwenyewe haujatangulia. Mwende na Wafula wana watoto wakubwa sasa, na Mzee Simiyu akija kutuona hushuka kule chini mwenyewe, kwa sababu ya ile baridi. Mimi hukaa kwanza, mgongo ukutani. Yeye hubaki amesimama, anabonyeza jiwe kwa dole gumba, anasikiliza kwa makini, halafu ananiambia, “Mkwe, kwanza wewe. Egemea tena.”