Moto wa Stoo ya Nyasi

Nilipokuwa msichana wa darasa la nne, miaka ile ya kugawiwa maziwa shuleni, stoo yetu ya nyasi za ng'ombe huko Langas iliungua mchana kweupe bila mtu kuwa karibu nayo.

Shosho, mamake baba, hakuhitaji uchunguzi. Wiki mbili kabla, jirani yetu Mama Chebet alisimama mlangoni pa stoo akasifu nyasi zetu, na hakutema mate kidogo kama inavyotakiwa mtu akisifu kitu cha mwenzake. Siku hiyo hiyo Shosho alituonya kwamba jicho lile halingetuacha salama. Sasa maneno yake yalikuwa yametimia. Kufikia jioni majirani walikuwa wakisema mama huyo ahame. Mimi nilimpenda. Tangu mama yangu afariki, ndiye aliyekuwa akinisuka nywele.

Kesho yake alikuja mzee wa zimamoto kutoka mjini. Habari za jicho hakuuliza. Alifukua majivu polepole kwa uma, akatuonyesha: kandokando nyasi zilikuwa zimebabuka tu, lakini katikati, chini kabisa, zilikuwa makaa matupu. Moto ulianzia ndani, akasema. Kisha akauliza kama kuna aliyesikia harufu yoyote siku hizo.

Nikasema mimi. Nilikuwa nikijificha humo kusoma. Kulinukia kama sukari iliyoungua, na nikiingiza mkono kwenye nyasi nilisikia joto. Nilidhani ndivyo nyasi zilivyo.

Mzee akaeleza kwamba nyasi zikipangwa zikiwa na unyevu huchemka zenyewe ndani kwa ndani, hata zikashika moto. Nani alizipanga? akauliza. Uani watu walikuwa wamejaa, Mama Chebet amesimama peke yake karibu na uzio. Baba angeweza kunyamaza.

"Ni mimi," alisema. "Mvua ilikuwa inakuja, nikaziingiza kabla hazijakauka."

Shosho akavuka uwanja mpaka alipokuwa Mama Chebet. "Haya maneno niliyaanzisha mimi," akamwambia, na wote tukasikia. "Nisamehe."

Mama Chebet alimshika mkono, akalia. Lakini kwetu hakuja kwa karibu mwezi mzima. Halafu akaja.

Shosho alikufa akiliamini jicho, na sijawahi kumcheka. Alikuwa amemzika mke wa mwanawe. Aliogopa kupoteza tena. Ninayemfikiria zaidi ni baba, mbele ya watu wote wale. Nami nimekuwa mzazi sasa, na kwa makosa madogo kuliko lile, mara kadhaa nimenyamaza.