Siku Kukhu Alizikwa Chini ya Skrini

Juzi nilikuwa saiba, duka la kuchapisha kwa kompyuta, hapa mtaani Huruma na msichana wangu. Aligusa mausi, kile kipanya cha kompyuta, barua niliyokuwa nikichapiwa ikapotea. "Umefuta kazi! Mtoto gani hana adabu?" kijana wa kompyuta akamfokea. Mtoto akauficha mkono nyuma ya mgongo. Nilishikwa na hasira, kwa sababu nilijua haijafutwa.

Nilijua tangu nikiwa mdogo kumliko, siku mama alinipeleka saiba kuchapisha programu ya mazishi ya kukhu, nyanya yangu aliyemzaa mama. Mle ndani kulinuka wino wa printa na samaki wa omena wa kibanda cha jirani. Picha ya uso wa kukhu ilijaa skrini yote, na kitambaa chake cha kichwa. Halafu dada wa saiba aliyekuwa akituchapia akabonyeza kamstari fulani juu pembeni, aangalie kazi ya mtu mwingine. Kukhu akanywea, akazama chini, akaisha. Nilidhani wamemzika hapo hapo, kabla hatujamwimbia.

"Mama! Wamezika kukhu bila sisi!"

Wateja walicheka. Dada hakucheka. Alinipakata, akaweka mkono wangu kwa mausi. "Hajaenda, mami. Ako tu hapa chini. Mwite."

Nikabonyeza jina lake pale chini ya skrini. Kukhu akapanda, mkubwa vilevile. Mama, ambaye hakuwa amelia tangu tupate habari, akalia hapo.

Kwa hivyo juzi nilichukua mkono wa msichana wangu, nikauweka kwa mausi.

"Haijaenda, mami," nikamwambia. "Iite."