Kiatu Kimoja cha Mjomba

Mshonaji wa nyumba ya pili, ambaye ulimi wake ulikwenda mbio kuliko cherehani yake, alikuja kuanika mashuka kwenye kamba ya pamoja, akamwinamia Mama Kibonge na kumnong'oneza kwamba mjomba wake anaendesha lile gari la bosi kwa hirizi. Si maneno ya kuambiwa. Ameona mwenyewe mara tatu pale getini kwa bosi. Kabla ya kuliwasha, mzee huvua kiatu cha kulia na kukisukumiza chini ya kiti, cha kushoto anabaki nacho.

"Mtu mzima na akili zake, mguu mmoja na kiatu, mwingine peku," alisema. "Lile gari haliendi kwa petroli peke yake, mama."

"Basi muombe na wewe akupe ya cherehani, gauni langu lina mwezi wa pili kwako."

Walicheka. Lakini Mama Kibonge aliporudi ndani, lile neno la kiatu lilimfuata mpaka jikoni.

Mjomba alikuwa kaka wa mama yake, na ndiye aliyemlea tangu mama alipofariki. Miaka ishirini na miwili aliendesha gari la wagonjwa la hospitali kuu, na mtaa mzima ulimwita Pisha, kwa jinsi alivyokuwa akitoa kichwa dirishani king'ora kilipoharibika na kupaza sauti watu wampishe. Alipostaafu alichukuliwa na tajiri mmoja wa vigae aliyejinunulia gari jekundu la viti viwili, limelala chini kama mjusi juani. Tajiri alilipenda, ila kulikimbiza mwenyewe hakuthubutu. Kila Jumapili asubuhi alikaa kiti cha pembeni, Pisha akishika usukani, wakaenda kwenye barabara mpya ya uwanja wa ndege, na kazi ya tajiri ikawa moja tu: kusema ongeza.

Vijana walimvizia mzee akirudi wamuulize raha yake ikoje. Yeye hujibu, "Muulizeni aliyelinunua." Nao husema, ah, mzee anajidai.

Jioni ya siku ile ile, Alhamisi, Mjomba alirudi, akavua viatu mlangoni, akakatiza sebule mpaka kwenye kiti chake huku akisimulia. Alikuwa na habari. Binti wa tajiri anatimiza miaka minane Jumapili, na zawadi yake ni kupandishwa gari jekundu, likimbizwe mpaka mwisho wa nguvu zake. Baba mtu atasimama mwisho wa barabara na simu, apige picha.

Mama Kibonge alimsikiliza macho yakiwa sakafuni. Tangu mtoto wake mwenyewe aanze kutambaa, sakafu alikuwa akiisoma kama kitabu. Aliona tone la damu kwenye saruji aliyotoka kuipiga deki, kisha la pili, kisha mstari mzima ukitoka mlangoni hadi chini ya kiti cha Mjomba. Akapiga magoti kama anayeokota mwanasesere. Pini ya mshonaji ilikuwa imezama katika unyayo wa kulia, imebaki kichwa tu.

Aliichomoa. Ilitoka polepole, maana ilikuwa imeingia ndani sana. Mjomba alikuwa anaeleza keki itakavyokuwa na umbo la gari, wala sentensi yake haikukatika.

Alifuta damu kwa kitambaa, akaichomeka pini kwenye pindo la nguo yake. Kumwambia mtu mzima kwamba mguu wake umekufa si neno la kuropoka. Na huenda, alijiambia, ni ngozi tu ya unyayo wa mzee, ngumu kama soli. Ijumaa nzima alijipa jibu hilo, na Ijumaa nzima halikumtosha.

Jumamosi asubuhi gari lilipita likipelekwa kujazwa upepo na mafuta. Mama Kibonge alikuwa ameshamwacha mtoto kwa mshonaji. Alisimama njiani, akasema naye anataka kuonja, watoto wa watu wasionje peke yao. Mjomba alisita. Lakini hakuwahi kumnyima mpwa wake huyu kitu tangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

Kiti kilimbana kama kizibo kwenye chupa. Mtaani walikwenda kwa mwendo wa bata. Kila tuta Mjomba alilikabili upande upande, gurudumu moja kwanza, kama mtu aliyebeba trei ya mayai, na bado tumbo la gari lilikwaruza, naye akaguna kana kwamba ni mfupa wake. Baiskeli iliwapita. Kiatu cha kulia kilikuwa chini ya kiti.

Barabara mpya ilikuwa nyeupe na tupu.

"Nenda kama utakavyokwenda kesho na mtoto," alisema Mama Kibonge.

"Utaogopa."

"Nenda tu, Mjomba."

Injini ilinguruma nyuma ya migongo yao, na kifua cha Mama Kibonge kikasukumwa ndani kama kwa kiganja. Alikuwa ametegemea kuona kitu, kwa vile watu walivyolisifu. Hakuona kitu. Nguzo za umeme ziliungana zikawa ukuta, miti ikawa rangi. Kwa hiyo akaacha kutazama nje, akamtazama dereva.

Mjomba alikuwa akiinamisha macho. Mara moja, mara ya pili, upesi, kama mwizi. Alikuwa akiutazama mguu wake ajue uko wapi.

Mbele kabisa mtu mwenye baiskeli alianza kuvuka, kreti za chupa nyuma, mdogo kama punje. Neno "mtu" lilipomtoka Mama Kibonge mdomoni, yule tayari alikuwa na uso. Mjomba aliinua mguu akanyage breki. Gari likaruka mbele. Ukingo wa unyayo ulikuwa umebaki kwenye pedali ya mafuta, na mwenyewe hana habari. Alitazama chini, akaikamata suruali gotini kwa mkono, akauvuta mguu mzima kama mtu anayehamisha gogo. Breki ilipiga yowe. Gari lilipinda, kioo cha pembeni kikapita jirani na kreti hata chupa zikalia, kisha wakasimama mchangani, pua ya gari ikitazama walikotoka.

Mwenye baiskeli aliwatukania mama zao wote wawili, akaenda zake. Alikuwa na haki.

Injini ilizimwa. Ikabaki ikilia tik, tik, ikipoa. Mama Kibonge alichomoa pini kwenye pindo, akaiweka juu ya usukani.

"Hii niliitoa mguuni mwako juzi. Ulikuwa unanihadithia keki."

Mjomba aliigeuza geuza kwa muda mrefu. Akamwambia kwamba ganzi ilianza vidoleni mwaka jana, kwamba daktari ameshamwambia ni sukari, na kwamba alivua kiatu akidhani unyayo mtupu utasikia vizuri zaidi. Mwanzoni ulisikia. Alimwambia pia, bila kuulizwa, ile raha ambayo vijana wanaitafuta: hakuwahi kuiona hata Jumapili moja. Gari la wagonjwa lilikuwa bovu, linayumba, lakini nyuma kulikuwa na mtu anayetaka kuishi. Humu alikuwa akikimbia, akifika mwisho anageuza, anarudi alikotoka, shati limelowa.

"Sasa mwambie bosi unaumwa mguu," alisema Mama Kibonge. "Ataelewa."

"Ataelewa. Jioni atakuwa amepata mwenye mguu mzima." Aliinama akakitoa kiatu chini ya kiti, akakishika mapajani bila kukivaa. "Na yule mtoto atapanda vile vile."

Lori lilipita, gari jekundu likatikisika lote, jepesi kama kopo.

"Wewe mwandiko wako unasomeka," alisema Mjomba. "Wangu daktari mwenyewe alikuwa akiucheka. Tukifika nyumbani niandikie barua leo hii, nimpelekee na funguo. Habari za mguu usitie. Andika kwamba Pisha, aliyekimbiza gari miaka ishirini na miwili, analiogopa gari hili, na anamuomba baba asimpandishe mwanawe. Neno ninaogopa uliandike kubwa, mwanangu, asije akaliruka."