Jiwe la Kusagia la Mama Mkwe

Watu wakisimulia mimba zao husema walichoshwa na kazi. Mimi nilichoshwa na kukaa. Miezi miwili ya mwisho ya mimba yangu ya kwanza sikuinama, sikuchota maji, sikushika jembe wala fagio, na siku uchungu uliponianza nilikuwa nimechoka kama mtu aliyepanda mlima kutoka Same na debe la mafuta ya taa kichwani. Wajukuu nikiwaambia hivyo wanacheka. Wacha wacheke, wao wamezaliwa hospitali.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Mume wangu alifanya kazi ya reli pale stesheni ya Same, akipanda kwetu milimani kila baada ya Jumamosi mbili, viatu vimejaa vumbi la tambarare. Mimi niliishi huku juu na mama mkwe, wawili tu. Baba mkwe alikwisha kufa, na mama yangu mzazi pia, kwa hiyo sikuwa na pa kwenda kujifungulia ila hapo. Mama mkwe alikuwa mwembamba, mtu wa kanisa, wa maneno machache. Alizaa watoto wawili: mume wangu, na binti mmoja ambaye sikumkuta. Binti huyo alirudi kwa mama yake kujifungua mimba ya kwanza, akafa na uzazi, yeye na kichanga chake, katika chumba kile kile nilichokuwa nalala mimi.

Sikuambiwa zaidi ya hapo. Mama mkwe alikuwa na sentensi moja tu juu ya jambo hilo, na aliirudia vilevile kila mara: uchungu ulimkuta kwenye jiwe la kusagia. Akishasema hivyo anafunga mdomo, na wewe unafunga wako.

Mashine ya kusaga ilikuwa haijafika kwetu. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake, bapa kubwa la chini na dogo la mkononi, na mwanamke alipiga magoti nyuma yake, akainama, akasukuma mbele na kurudi hadi unga utoke. Mimi nimepiga magoti mbele ya jiwe tangu sijaota meno ya ukubwani. Lakini mimba yangu ilipotimiza miezi saba, mama mkwe alilitoa jiwe lile ndani, akalipeleka kwenye kibanda cha kuni, akaligeuza kifudifudi, akapanga kuni juu yake hadi lisionekane. Tangu siku hiyo akawa anabeba ulezi na mahindi kichwani kwenda kusaga kwa jirani. Mtu mzima yule. Mkaza mwana nimekaa, mama mkwe anasaga kwa watu. Niliona aibu hadi nikawa sitaki kutazamana na mtu njiani, lakini utamwambia nini mtu aliyezika mwanawe?

Mume wangu naye akaona asipitwe kwa huruma. Jumamosi moja alifika na kiti kichwani. Mzungu mmoja wa reli alikuwa anarudi kwao, akagawa vitu vyake, na mume wangu akapata kile kiti cha turubai cha kukunja, ambacho ukikikalia unakuwa umelala nusu. Alikibeba kutoka Same hadi juu, jasho linamtoka, anacheka peke yake kwa furaha. Mama mkwe alikiweka mlangoni, akaniketisha, akaniinulia miguu juu ya kigoda. Pumzika, akasema. Makande nililetewa pale pale.

Basi nikapumzika. Nilikaa nimeegemea nyuma tangu chai hadi jioni, natazama wenzangu wakilima kwenye mteremko na wengine wakienda kufungulia maji ya mfereji. Wakipita waliniamkia kwa kejeli, shikamoo memsahibu. Mgongo uliniuma, kiuno kiliniuma, na moyo ulikuwa mzito kuliko vyote. Mtoto alikuwa anapiga mateke mbele kabisa, hapa kwenye kitovu, na mama mkwe aliweka kiganja chake hapo akasema ana nguvu huyu. Hakuna aliyejua kwamba mateke ya mahali pale yalikuwa yanatuambia neno.

Tulikwenda mara moja kwa dresa, yule mfunga vidonda wa dispensari, karibu na baraza la chifu. Alinibonyeza tumbo kwa mikono ya baridi, akasema kichwa kiko chini, kila kitu sawa, akaandika kwenye karatasi. Kichwa kiko chini! Mama mkwe alilishika neno hilo njia nzima, akanishika na mimi mkono kila penye jiwe la kuteleza. Ndiyo siku pekee niliyomwona akitembea huku anaimba wimbo wa kanisani.

Uchungu ulianza asubuhi ya siku ya gulio. Sikuujua kuwa ni uchungu, kwa sababu haukuwa tumboni. Ulikuwa mgongoni, chini kabisa, kana kwamba mtu ananikandamiza kwa gogo kutoka ndani. Mama mkwe hakungoja. Alikwenda mwenyewe kumwita mkunga, bibi mmoja wa ng'ambo ya bonde, ambaye kwa yule binti wa mama mkwe alichelewa kuitwa akafika kukiwa kumekwisha. Safari hii alifika kabla jua halijawa la utosi. Nilimwamkia, akaitika marahaba huku tayari mikono yake iko tumboni.

Alinipapasa muda mrefu. Aliniuliza mateke nayasikia wapi, nikamwonyesha. Aliniuliza maumivu yako wapi, nikamwonyesha. Kisha akauliza nilikuwa naketi vipi miezi hii, na kabla sijajibu akakiona kile kiti mlangoni.

"Dresa hakukosea, kichwa kiko chini," alisema. "Lakini hakutazama mgongo. Mtoto ameegemeza mgongo wake kwenye mgongo wako, uso anautazama kitovu. Hivyo anakuja na upande mpana wa kichwa, na njia ni nyembamba. Inabidi ageuke."

Alitueleza polepole, kwa Kipare, kama anafundisha watoto. Mgongo wa mtoto ndio uzito wake. Mama akiegemea nyuma, ule uzito unashukia nyuma. Mama akipiga magoti na kuinama, tumbo linaning'inia mbele, na mtoto anapata nafasi ya kuzunguka. Wanawake wa milima hii, alisema, wamekuwa wakiwageuza watoto wao bila kujua, kwenye jembe na kwenye jiwe. Basi lileteni jiwe, na ulezi, mzazi asage uji wake mwenyewe.

Mama mkwe alisema jiwe lile haliingii ndani ya nyumba ile. Hakupandisha sauti. Mkunga alimtazama, naye pia alikuwa anajua habari za binti, akaacha. Akasema nishike basi kile kiti nipige magoti nikiinamia. Nikakishika, kikajikunja, nikaanguka nacho. Loo, kiti cha mzungu! Nilikilaani kwa maneno ambayo sikujua kwamba nayajua. Ikabidi nikae kwa mikono na magoti sakafuni, lakini mikono ya mtu aliyekaa miezi miwili haina kitu. Ilitetemeka, ikalegea, nikawa nalala ubavu, mkunga ananiinua, nalala tena. Jua likachwa hivyo, likachomoza hivyo. Wanasema kuzaa si kazi, kazi kulea. Aliyesema hivyo naapa alikuwa mwanamume.

Asubuhi ya pili nilikuwa sina machozi wala sauti. Ulifika wakati ambao sikumtaka tena yule mtoto. Nasema hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilitaka tu waniache nilale, nikifa nife. Nje nilisikia sauti za wanaume. Mama mkwe alikuwa amewaita vijana wanne wa ukoo na machela ili wanipeleke Same. Kutoka kwetu hadi Same ni mwendo wa kutwa nzima kwa mtu mwenye miguu yake, mteremko mtupu, na huko chini jua la tambarare.

Mkunga alimwambia waziwazi. Kwenye machela atalala chali kutwa, na mtoto atabaki vilevile alivyo. Labda atafika. Labda hatafika. Kama angekuwa mwanangu, alisema, ningejaribu jiwe kwanza, hadi adhuhuri. Kisha akamwachia mama mkwe aamue, na mama mkwe akasimama katikati ya chumba, mikono imeshuka, hasemi machela, hasemi jiwe.

Hasira ilinipanda. Sijui ilitoka wapi, kwa kuwa nguvu nyingine zote zilikwisha. Mkaza mwana wa Kipare hamwinulii mama mkwe macho, seuze sauti.

"Mama," nilimwambia, "mwanao alikufa. Mimi sijafa. Niletee jiwe."

Hata mkunga alitazama pembeni. Mama mkwe alinikodolea macho kama mtu aliyepigwa kofi, akageuka akatoka. Nikajua nimeharibu, kwamba hata nikipona nitafungasha vyangu. Halafu nikasikia kuni zinatupwa, moja moja, zinagonga ukuta wa kibanda. Vijana wa machela walitaka kumsaidia, akakataa. Aliliweka jiwe juu ya gunia, akaliburuta uwanjani, akalivusha kizingiti, akalisogeza hadi mbele ya magoti yangu. Akalipangusa kwa khanga yake. Akamimina ulezi.

Nikasaga. Kwanza sikuweza kusukuma hata mara tatu. Mama mkwe alipiga magoti upande wa pili wa jiwe, akaweka mikono yake juu ya mikono yangu, akawa ananivuta kila ninapokwama. Mkunga alikuwa nyuma yangu, ananikandamiza nyonga kwa viganja. Maumivu yakija nalaza paji la uso juu ya jiwe, yakipita naendelea. Unga ulikuwa mkubwa mkubwa, umelowa jasho. Mkono unajua kazi hata mwenye mkono akiwa hajitambui, na mikono yangu ilikuwa inalijua jiwe. Ikawa mbele, nyuma, mbele, nyuma. Sikuwaza kitu.

Jua lilipokuwa linakaribia utosi nikasikia ndani yangu kitu kinazunguka, taratibu, mithili ya mtu anayejigeuza kitandani na kukuvuta na blanketi. Nikaacha kusaga. Gogo liliondoka mgongoni. Maumivu yaliyofuata yalikuja mbele, chini, na yalikuwa makali kuliko yote, lakini yalikuwa yanakwenda mahali. Mkunga alipapasa akasema amegeuka. Mama mkwe hakuachia mikono yangu.

Vijana wa machela walikuwa bado wamekaa uwanjani walipomsikia mtoto analia. Msichana. Kichwa chake kilikuwa kimebanwa kikawa kirefu, na mkunga akasema kitarudi, na kweli kilirudi. Miaka mingi baadaye nesi mmoja aliniambia watoto wengi waliolala hivyo hugeuka wenyewe uchungu ukishakolea, na wengine huzaliwa hivyohivyo wakitazama juu. Sikubishana naye. Huenda ni jiwe, huenda ni Mungu, huenda mtoto mwenyewe alichoka kama mimi.

Mkunga alipotoka kwenda kunawa, mama mkwe aliniletea uji wa ule ulezi. Alikuwa amemfunga mtoto katika khanga ile ile aliyopangusia jiwe. Nilianza kumwomba radhi kwa neno nililomwambia, akatikisa kichwa kuniambia ninywe. Uji ulikuwa na mchanga wa jiwe. Nikaunywa. Akaketi sakafuni karibu na kichwa changu, mtoto mapajani, akalitazama jiwe, akasema kwa sauti ile ile ambayo siku zote alisemea ile sentensi yake moja.

"Uchungu ulimkuta kwenye jiwe la kusagia. Mimi nikaenda kumwinua. Aliniambia, mama niache hapa, hapa napata nafuu. Nikamwinua, nikamlaza chali kitandani. Kila alipotaka kurudi chini nilimshika mikono. Siku mbili nilimshika mikono."

Nilimsikia. Nataka ijulikane kwamba nilimsikia kila neno, na kwamba nilitafuta la kumjibu. Nilitaka kumwambia hakujua, hakuna aliyejua, hata dresa mwenye karatasi hakujua. Nilitaka angalau kunyoosha mkono niushike wake, ule uliokuwa umenivuta jiweni asubuhi nzima. Lakini macho yalikuwa yanafumba, bakuli liliniponyoka mkononi, naye akalidaka.

Nilipoamka alikuwa jikoni, na uso wake ulikuwa umefungwa kama kawaida. Tuliishi pamoja miaka mingine mingi, jiwe likiwa ndani, na hakulisema tena neno lile hadi tulipomzika. Mara moja tu alinifungulia moyo wake yule mama, na mimi nikalala usingizi.